Damu Mbili: Walokole wa Kenya ya Kati na Kukataa Silaha Wakati wa Hali ya Hatari, 1952–1960

Utangulizi

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitia sahihi tangazo la Hali ya Hatari katika Koloni la Kenya. Kabla ya mapambazuko ya siku iliyofuata Jomo Kenyatta na viongozi wengine wa chama cha KAU walikuwa wamekwisha kutiwa nguvuni. Kuanzia hapo hadi Januari 1960 wakazi wa nchi ya Wagikuyu, Waembu na Wameru walilazimishwa kuchagua upande. Upande mmoja walikuwapo wapiganaji wa Jeshi la Ardhi na Uhuru, ambao serikali iliwaita Mau Mau, na waliowaunganisha wafuasi wao kwa kiapo. Upande wa pili ilikuwapo serikali pamoja na Homugadi, kikosi cha wenyeji waliopewa mikuki, kisha bunduki, ili walinde vijiji na kuwasaka ndugu zao msituni.

Walikuwapo pia watu wachache waliokataa yote mawili. Hawakula kiapo, na walipoletewa bunduki hawakuipokea. Wagikuyu waliwaita ahonoku. Katika Kiswahili wamezoeleka kama walokole, neno lililotoka Uganda na lenye maana ya waliookoka. Wengi wao walikuwa waumini wa Kianglikana na wa Kipresbiteri, wafuasi wa Uamsho wa Afrika Mashariki.

Makala haya yanaeleza chimbuko la kukataa huko. Maandishi ya wamisionari ya miaka ya 1950 yaliwasifu walokole kama mashahidi waliosimama imara dhidi ya Mau Mau, na mara nyingi yalipita haraka juu ya suala la bunduki. Maandishi ya kizalendo ya baadaye yaliwaweka katika kapu moja na vibaraka wa mkoloni. Msomaji wa historia ya Kanisa naye huweza kushawishika kuwahesabu pamoja na Wakweka na Wamenoni, makanisa yanayojulikana kwa kukataa vita. Maelezo hayo matatu yanakosea kwa namna tofauti, na kosa la tatu ndilo linalofunza zaidi.

Mafundisho waliyorithi

Msimamo wa Wakristo kuhusu vita haujawahi kuwa mmoja, na misimamo miwili mikuu ina mizizi katika Afrika ya Kaskazini. Mwaka 295, katika mji wa Theveste, kijana aitwaye Maximilian aliletwa mbele ya liwali wa Kirumi ili aandikishwe jeshini. Alikuwa na umri wa miaka 21, mtoto wa askari mstaafu. Alikataa kupimwa kimo na kuvishwa alama ya risasi shingoni, akisema kwamba Mkristo hawezi kuwa askari. Aliuawa kwa upanga. Kabla yake Tertullian wa Carthage na Origen wa Alexandria walikwisha kuandika kwamba mfuasi wa Kristo hana nafasi vitani, ingawa ni dhahiri pia kwamba Wakristo wengine wa zama hizo walikuwamo jeshini. Liwali mwenyewe alimkumbusha Maximilian jambo hilo.

Karne moja baadaye Augustino, askofu wa Hippo, alitoa hoja tofauti. Theveste na Hippo yote iko katika Aljeria ya leo, na huenda hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kutoyaona mafundisho haya kama mambo ya Ulaya tu. Kwa Augustino, ubaya wa vita haumo hasa katika kifo, kwa kuwa wanaokufa wangekufa siku moja. Umo katika chuki, ukatili na uchu wa kutawala. Mtawala halali anaweza kuamuru vita ili kurejesha amani, na askari anaweza kutii bila kupoteza upendo moyoni. Thomas wa Akwino aliyapanga mawazo hayo katika masharti matatu: mamlaka halali, sababu ya haki na nia njema. Hiyo ndiyo nadharia ya vita vya haki, na makanisa makubwa ya Matengenezo hayakuiacha. Kifungu cha 37 cha Vifungu 39 vya Kanisa la Uingereza kinasema wazi kwamba ni halali kwa Wakristo kushika silaha na kutumika vitani kwa amri ya mtawala. Ungamo la Westminster, ambalo Wapresbiteri wanalifuata, linasema vivyo hivyo katika sura ya 23.

Waliotofautiana nao walikuwa wachache: Waanabatisti waliokutana Schleitheim mwaka 1527 na kuuweka upanga nje ya ukamilifu wa Kristo, wazao wao Wamenoni, na Wakweka waliomwandikia Mfalme Charles II mwaka 1661 wakikana vita vya aina zote. Makanisa haya yalifika Afrika Mashariki pia. Wakweka walianza kazi Kaimosi mwaka 1902, miongoni mwa Waluhya. Wamenoni walianza Shirati, upande wa Tanganyika wa Ziwa Viktoria, mwaka 1934. Lakini Weithaga, Kahuhia, Thogoto na Tumutumu vilikuwa vituo vya CMS na vya Kanisa la Scotland. Mkristo aliyelelewa huko alifundishwa katekisimu ya kanisa lililoruhusu vita. Tena alikuwa na mfano karibu: mwaka 1917 Daktari John Arthur wa Thogoto aliwaongoza mwenyewe wanaume wa misheni kwenda kuwa wapagazi katika vita dhidi ya Wajerumani. Hakuna mtu yeyote aliyemfundisha mlokole wa Murang'a kwamba kukataa bunduki ni wajibu wa Mkristo. Alilifikia jambo hilo kwa njia nyingine.

Nidhamu ya ushirika

Njia hiyo ilipita Rwanda na Uganda. Mwaka 1929, karibu na Kanisa Kuu la Namirembe mjini Kampala, Simeoni Nsibambi na daktari wa kimisionari Joe Church walikutana kwa maombi, na katika miaka iliyofuata hospitali ya Gahini nchini Rwanda ikawa kitovu cha Uamsho. Timu ya wahubiri ilifika Kabete, kando ya Nairobi, mwaka 1937.

Uamsho haukuwa dhehebu. Walokole walibaki katika makanisa yao, wakakutana pembeni kila juma katika ushirika. Jambo kuu katika mikutano hiyo lilikuwa kutembea nuruni, yaani kuungama dhambi hadharani na kwa majina: nani aliibiwa, nini kilirudishwa, nani anachukiwa. Mwafrika aliungama chuki yake kwa Mzungu mbele ya Mzungu, na baadhi ya wamisionari waliungama kiburi chao mbele ya Waafrika, jambo lililowatia wenzao fedheha. Mtu aliyeokoka aliitwa ndugu hata kama alitoka Ankole, Kigezi au Buhaya, na salamu na wimbo wa Tukutendereza vilimtambulisha popote alipokwenda.

Mwanahistoria Derek Peterson ameonyesha jinsi mwenendo huo ulivyowaudhi wazee na wanasiasa wa makabila mengi. Waliokuwa wakijenga taifa walihitaji watu wanaotunza siri, wanaoheshimu ukoo na wanaosimama pamoja. Walokole walianika siri za nyumbani, wakauita ukoo wa imani bora kuliko ukoo wa damu. Kwa hiyo mgogoro wa mwaka 1952 ulikuwa na utangulizi. Walokole walikuwa wakiitwa wasaliti wa mila kabla ya kiapo cha kwanza kuwafikia.

Kiapo

Aliyelishwa kiapo cha umoja alipita chini ya upinde wa majani ya migomba, akaonjeshwa nyama na damu ya mbuzi, akaapa kutotoa siri na kutouza ardhi kwa wageni. Kwa walioapa, jambo hilo lilikuwa zito na takatifu. Lilimwingiza mtu katika jumuiya iliyodai haki ya ardhi iliyochukuliwa na walowezi, na aliyelivunja alijua kwamba kiapo kingemuua. Kosa la propaganda ya serikali lilikuwa kukieleza kiapo kama wazimu wa kishenzi.

Walokole hawakukidharau kiapo kwa namna hiyo, na hapa ndipo hoja yao inapohitaji kusikilizwa kwa makini. Walikikataa kwa sababu walikichukua kwa uzito uleule waliokichukulia wanakiapo wenyewe. Damu, kwa pande zote mbili, ilifunga. Mlokole alishuhudia kila juma kwamba damu ya Kristo imemtakasa na kumuunga na ndugu zake, na katika Meza ya Bwana alikuwa amekinywea kikombe chake. Hakuweza kunywa damu ya pili iliyomfunga katika jumuiya nyingine, yenye maadui wengine. Mtu aliyeona kiapo kuwa mchezo angeweza kula na kuungama baadaye, na Wakristo wengi wa kawaida walifanya hivyo ili waokoe maisha yao. Aliyekiamini hakuwa na mlango huo.

Adhabu ilikuwa kali. Baadhi walinyongwa, wengine walikatwakatwa kwa mapanga, wengine walipigwa wakaachwa wakidhaniwa wamekufa. Walimu wa shule za misheni, wainjilisti na wake zao walikuwa miongoni mwa waliouawa.

Bunduki

Kukataa kiapo kuliipendeza serikali. Kukataa bunduki kuliikasirisha. Baada ya mauaji ya Lari, usiku wa tarehe 26 Machi 1953, ambapo familia za Homugadi na za chifu zilichomwa ndani ya nyumba zao na kufuatiwa na mauaji ya kisasi yaliyofanywa na upande wa serikali, shinikizo la kujiunga na Homugadi liliongezeka. Wakristo wengi wa misheni walijiunga, na hawakukosa sababu: walikuwa na watoto wa kulinda, na Kifungu cha 37 kilikuwa upande wao.

Walokole waliokataa walitoa sababu zilizofanana na ushuhuda wao wa kawaida. Kijana aliyeko msituni ni mtu ambaye Kristo alimfia. Huenda ni mwana wa jirani, au mwanafunzi wa zamani wa darasa la ubatizo. Anayemsaka kwa bunduki hawezi kumwambia kesho kwamba hana chuki naye. Anayemuua anamnyima nafasi ya kutubu. Hoja hizi hazikunukuu Mahubiri ya Mlimani kama kanuni ya jumla kuhusu vita vya mataifa, wala hazikudai kwamba serikali zote zivunje majeshi. Zilihusu mtu huyu na jirani huyu. Kwa istilahi za kiteolojia, zilikuwa hoja za utume zaidi ya hoja za sheria.

Jambo hilo laweza kuonekana kama udhaifu wa nadharia, na mtahini mkali angeuliza: je, mlokole angeshika bunduki dhidi ya adui wa mbali, asiyemjua? Swali ni halali. Hata hivyo, nadharia ya vita vya haki nayo ilipata mtihani mgumu Murang'a. Augustino alimtaka askari aue bila chuki. Walokole walijijua, kwa kuwa waliungama chuki zao kila juma, na hawakuamini kwamba mtu anaweza kwenda doria usiku dhidi ya jamaa zake na kurudi asubuhi na moyo safi. Nidhamu ya kuungama iliwapa maarifa ya moyo ambayo nadharia ile iliyachukulia kirahisi.

Kati yao wenyewe walitofautiana. Wapo waliokubali kulala ndani ya boma la Homugadi bila kushika silaha. Wengine waliona kwamba kulala nyuma ya bunduki ya mwingine ni sawa na kuishika. Wapo walioshika zamu ya ulinzi mikono mitupu, na wapo waliokusanyika usiku katika viwanja vya makanisa wakiimba na kuomba. Asiye na bunduki hakuwa na kinga dhidi ya wapiganaji, na machoni pa ofisa wa serikali asiyejiunga na Homugadi alishukiwa kuwa amekula kiapo. Baadhi walipigwa na pande zote mbili.

Ardhi na ukimya

Kuwaheshimu watu hawa hakumzuii mtafiti kuuliza walichokinyamazia. Chanzo cha vita kilikuwa ardhi: mashamba yaliyotwaliwa na walowezi, maskwota waliofukuzwa Bonde la Ufa, vijana wasio na shamba na kwa hiyo wasio na uwezo wa kuoa na kuhesabiwa watu wazima. John Lonsdale ameeleza jinsi mapambano hayo yalivyokuwa pia mjadala wa Wagikuyu wenyewe kuhusu wiathi, yaani hali ya mtu kujitawala kwa jasho la shamba lake. Katika ushuhuda wa walokole dhambi ilikuwa na jina la mtu binafsi: wizi, uzinzi, ulevi, chuki. Mfumo uliomnyang'anya mtu shamba haukuwa na mahali pa kuungamwa. Kwa mpiganaji wa msituni, wito wa kusamehe bila neno juu ya shamba ulisikika kama wito wa kukubali kunyang'anywa, na si rahisi kumlaumu kwa kusikia hivyo.

Kuhusu matendo ya serikali, ukimya haukuwa kamili. Operesheni Anvil iliyoanza Nairobi tarehe 24 Aprili 1954 ilipeleka maelfu kwa maelfu kizuizini. Katika mwaka huohuo zaidi ya watu milioni moja walianza kuhamishiwa katika vijiji vyenye maboma. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwa hukumu ya mahakama katika kipindi cha Hali ya Hatari. Januari 1955 CMS ilichapisha London kijitabu kilichodai hatua zichukuliwe dhidi ya ukatili wa vyombo vya dola nchini Kenya. Lakini viongozi wa makanisa kwa kawaida walipendelea kumwendea Gavana faraghani.

Sehemu yenye utata mkubwa zaidi ni kambi za kizuizini. Mpango wa kuwarekebisha mahabusu ulisimama juu ya kuungama: aliyekiri kiapo chake na kukikana alipandishwa ngazi kuelekea kuachiwa huru, na aliyekaa kimya alirudishwa nyuma. Wahubiri, walokole wakiwamo, waliruhusiwa kuingia na kuhubiri toba. Hivyo tendo lililokuwa kiini cha ushirika, mtu kujianika kwa hiari mbele ya ndugu wanaojianika pia, lilifananishwa na kukiri chini ya kiboko mbele ya mlinzi asiyeungama chochote. Kama wahubiri wote waliiona tofauti hiyo ni jambo ambalo mtafiti anapaswa kulichunguza kambi kwa kambi. Kule Hola, tarehe 3 Machi 1959, mahabusu 11 walipigwa hadi kufa, na lugha ya kuwarekebisha watu haikupona kashfa hiyo.

Undugu uliovuka kabila nao haukuwa kinga ya kudumu. Rwanda, nchi ya Gahini, ilishuhudia mwaka 1994 Wakristo wakiuawa na Wakristo ndani ya makanisa. Alipokosekana mtu wa kuitaja chuki kwa jina lake mapema, nyimbo ziliendelea bila nidhamu iliyozizaa.

Kanisa la Murang'a

Mwaka 1955 Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliweka jiwe la msingi la kanisa la ukumbusho mjini Fort Hall, Murang'a ya leo. Serikali ya wakati huo haikuona ubaya wa kuwa na mashahidi waliouawa na maadui zake. Lakini mwishoni mwa muongo huo kuta zake zilikabidhiwa kwa Elimo Njau, msanii kijana kutoka Kilimanjaro aliyesomea Makerere. Alichora maisha ya Yesu katika picha kubwa tano, kuanzia kuzaliwa hadi msalabani, katika mandhari ya migomba na vilima vya nchi ya Wagikuyu, na Yesu akiwa Mwafrika. Mtazamaji anayesimama mbele ya picha ya kusulubiwa hawezi kuamua kwa haraka kama anayeteswa pale ni mwinjilisti aliyevamiwa usiku au ni mfungwa aliyepelekwa kitanzini. Ukuta huo umebeba utata ambao hotuba za uzinduzi ziliupita.

Kiapo cha mwaka 1969

Hoja kwamba walokole walikuwa watiifu kwa mkoloni tu inakutana na ushahidi mgumu miaka sita baada ya uhuru. Tom Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Katika majuma yaliyofuata malori na mabasi yalianza kubeba Wagikuyu kwenda Gatundu, nyumbani kwa Rais, kula kiapo cha kuhakikisha kwamba utawala hautoki mikononi mwa kabila lao. Safari hii hapakuwa na gavana Mwingereza wa kumpendeza. Aliyekataa alikataa mbele ya serikali ya watu wake na mbele ya wazee waliopigania uhuru.

Walokole walikataa tena, na kwa maneno yaleyale kuhusu damu. Wengine walipigwa, na wapo waliopoteza maisha. Mara hii viongozi wa Kanisa la Presbiteri na wa Kianglikana hawakuishia kwenda faraghani; walipinga hadharani, na kabla ya mwaka kwisha viapo vilisimamishwa. Kwa wazee waliokuwa wamekataa kiapo na bunduki mwaka 1953, swali lilikuwa lilelile lililowahi kuulizwa chini ya upinde wa migomba: ndugu yako ni nani, na ni nani unayetakiwa kumhesabu kuwa adui. Tofauti ni kwamba katika mwaka 1969 adui aliyekusudiwa alikuwa Mjaluo, jirani ambaye baadhi yao walikuwa wameketi naye katika ushirika kwa miaka 20.